Anza Miguuni mwa Nguzo

Mgeni akija kutembelea hekalu la kijiji chetu, macho yake hukimbilia juu. Atalitazama paa la shaba na kona zake zilizopinda, atapiga picha kamba nene ya mabua iliyofungwa mbele ya ukumbi, halafu ataanza kutafuta pa kukaa. Mimi humwambia achuchumae. Aangalie pale nguzo zinapokutana na mawe, kwa kuwa kazi ilifanyika hapo. Majira mazima ya baridi nililala kifudifudi juu ya turubai, patasi mkononi, pua imegusa udongo wenye barafu, na fundi mkuu amesimama juu yangu akiuliza kama nimepitiwa na usingizi.

Mimi ni seremala wa Tanga. Kazi nilifundishwa na ami yangu, milango na vitanda kwanza, kisha kenchi. Mke wangu alikuja kwetu kusomesha hesabu, mmoja wa vijana wa kujitolea ambao serikali ya Japani imekuwa ikiwatuma Tanzania tangu miaka ya 1960. Wazazi wake walipoanza kuzeeka tukahamia kwao, bonde la Aso, mkoa wa Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu. Nikawa mkwe katika nyumba ya wakulima wa mpunga, na mkwe wa nyumba hiyo ana zamu zake: kuchoma nyasi za mlimani baridi ikiisha, kuzibua mfereji kabla ya kupandikiza mpunga, na kufagia hekalu kila zamu ya mtaa wetu inapofika. Ufagio nilipewa kabla mtu hajaniuliza dini yangu. Walipouliza niliwaambia mimi ni Mwislamu, siwezi kuinama na kupiga makofi mbele ya kami, hao ambao hekalu ni makazi yao. Baba mkwe akafikiri kidogo. "Majani ya mwerezi yanaanguka hata hivyo," akasema. Nikafagia.

Aso ni tumbo la volkano iliyoporomoka zamani sana, kilomita kama 25 kutoka kaskazini hadi kusini na kama 18 kutoka mashariki hadi magharibi. Ndani yake wanaishi watu kiasi cha 50,000, na mashamba yao, reli yao na shule zao. Katikati, mlima Nakadake bado unafuka moshi. Wenyeji husimulia kwamba bonde lilikuwa ziwa, hadi kami aitwaye Takeiwatatsu alipoupiga teke ukingo wa milima, maji yakatoka, watu wakapata pa kulima. Huyo ndiye mwenye hekalu kuu la Aso, lililo mjini chini yetu. Ukitaka kujua dini ya hapa, Shinto, inahusu nini, tazama kalenda yake: karibu kila kitu ni shamba. Tarehe 28 Julai, kwenye sherehe ya Onda, wanawake 14 waliovaa nguo nyeupe, nyuso zimefunikwa, hupita kando ya mashamba wakiwa wamebeba kichwani vyakula vya miungu, na watu hurusha miche ya mpunga juu ya kiti cha kami kinachobebwa mabegani. Mara ya kwanza kuwaona wanawake wale nilimpigia simu mama yangu. Kwenye hekalu jingine la bonde hili moto hulindwa kwa siku 59, kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba, ili umande wa barafu usiunguze mpunga kabla haujaiva. Asili yake ni kisa kirefu cha mtumishi aliyekatwa kichwa, kichwa kikapaa mbinguni na kuanza kuteremsha baridi. Serikali iliziingiza ibada hizi za kilimo katika orodha ya urithi wa taifa mwaka 1982, lakini wazee wa huku hawakungoja orodha ndipo waziogope baridi za Oktoba.

Tetemeko lilikuja mara mbili. La kwanza jioni ya tarehe 14 Aprili 2016, la pili usiku wa kuamkia tarehe 16, saa saba na dakika 25, kipimo 7.3. Hekalu kuu lilipata pigo ambalo picha zake zilizunguka nchi nzima: lango lake la ghorofa mbili, lenye kimo cha mita 18, lililojengwa mwaka 1850, lilianguka lote, paa likabaki limekaa juu ya kifusi. Ukumbi wa ibada nao ukalala. Ukarabati wa lango hilo ulikamilika Desemba 2023, na tangu hapo wageni wamerudi kwa wingi. Baadhi yao wakishamaliza mjini hupanda hadi kwetu, wakidhani tuna kihekalu kidogo cha kupumzikia.

Kwetu lango la mawe lilianguka na kuvunjika vipande, taa za mawe zikapinduka, ukumbi wa ibada ukalala upande. Nyumba ya ndani, anamokaa kami na ambamo hakuna mwanakijiji anayeingia, ilisimama ila mawe yake ya msingi yalizama pembe moja. Hakuna aliyeumia pale. Ukumbi niliambiwa umekufa; mtaalamu wa bima ya nyumba za watu aliyekuwa akipita alitikisa kichwa tu.

Fundi mkuu alipokuja alilala chini kwanza. Ni mzee wa miaka zaidi ya 70, kazi yake ni mahekalu, na ujana wake aliumaliza kwenye majengo ya urithi wa taifa. Nguzo za majengo haya hazichimbiwi wala hazifungwi kwa zege. Zinasimama juu ya mawe kwa uzito wake tu, na tako la kila nguzo limechongwa kufuata mabonde na vilima vya jiwe lake. Ardhi ilipotikisika ukumbi uliteleza juu ya mawe, ukahama karibu upana wa kiganja. Mzee akainuka, akapangusa magoti. Kuteleza ndiko kulikouponya, akasema. Ungekuwa umefungwa chini ungevunjika. Kisha akauliza ni nani kijijini anajua kushika patasi, na vidole vyote vikanielekea.

Kabla ya patasi palikuwa na pesa. Lango la hekalu kuu ni urithi wa taifa, kwa hiyo serikali inaweza kulichangia kwa sheria ya mwaka 1950 ya kulinda mali za utamaduni. Hekalu letu halimo katika orodha yoyote. Kabla ya 1945 dola ndiyo iliyokuwa mlezi wa mahekalu ya Kishinto. Wamarekani walipoikalia nchi wakaukata uhusiano huo Desemba mwaka huohuo, na katiba iliyoanza kutumika 1947, ibara ya 89, inakataza fedha za umma kwenda kwa taasisi ya dini. Baadaye mfuko wa mkoa wa kujenga upya baada ya tetemeko ulikubali kusaidia sehemu ya gharama za majengo kama letu, kwa hoja kwamba ni mahali pa jumuiya kukutania. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu, kijiji cha nyumba zisizofika 40, nyingi zina wazee wawili wawili.

Mtu mmoja kwenye kikao akapendekeza tuuze miti. Msitu wa mwerezi unaozunguka hekalu una magogo ambayo wafanyabiashara wa mbao wangeyagombania. Kimya kikawa kirefu. Mzee mmoja akakumbusha yaliyotokea kuanzia 1906, serikali ilipoamuru mahekalu madogo ya vijiji yaunganishwe: katika miaka michache idadi yake nchini ilishuka kutoka kama 190,000 hadi kama 120,000, na pale hekalu lilipofutwa msitu wake mara nyingi uliuzwa. Mwanachuoni Minakata Kumagusu alipigana na amri ile hadi akawekwa ndani. Mwishowe tuliangusha mierezi miwili tu, iliyokuwa imeinamia paa tangu tetemeko, na mmoja wao leo ni boriti juu ya kichwa chako ukisimama ukumbini. Nakuonyesha ukija.

Pesa nyingine zilichangwa, na hapa nilijiona nyumbani. Kando ya ngazi kuna ubao mrefu wenye jina la kila aliyetoa, na kiasi alichotoa, aliyetoa kingi juu, aliyetoa kidogo chini. Waliohamia Fukuoka na Osaka wamo. Duka la mbolea limo. Mtu yeyote wa Tanga aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi angeusoma ubao ule bila mkalimani, na angejua ni shemeji gani atanuniwa. Wageni kutoka Ulaya huona aibu kuiona michango ya watu ikiwa wazi namna hiyo. Mimi naona ni afadhali kuliko bahasha. Pesa ya jumuiya iliyofichwa huzaa maneno. Hii ya ubaoni imeshamaliza maneno yake.

Sasa turudi chini. Nguzo za hekalu la zamani huoza kifundoni. Juu mti ni mzima, mgumu hata patasi inalia, lakini inchi chache kutoka kwenye jiwe unyevu umeshaula. Kuing'oa nguzo nzima ni uharibifu, tena ni ghali. Kwa hiyo tuliunyanyua ukumbi kwanza, kwa waya na winchi, taratibu sana, maana ubao uliozoea kulala upande ukilazimishwa hupasuka. Uliposimama tukaupandisha kwa jeki, tukatoa mawe, tukashindilia udongo upya, tukayarudisha mawe yaleyale mahali pake. Kisha ukaja ukataji. Sehemu iliyooza inaondolewa, mguu mpya unaungwa kwa kiungo ambacho vipande viwili vina umbo moja: kila kimoja kina ulimi na pengo, unavisogeza ubavu kwa ubavu hadi vishikane, halafu unapiga kabari ya mti mgumu katikati. Kabari ikiingia, kila upande unasukumwa ukabane zaidi. Hakuna msumari, hakuna gundi. Uzito wa paa unafanya kazi iliyobaki.

Msumeno wa Wajapani hukata ukivutwa, na randa yao huvutwa vilevile. Hilo bega linajifunza kwa maumivu. Tezo ndiyo niliyoijua tangu siku ya kwanza, yao na yetu haziachani sana, na fundi mkuu aliponiona naitumia alinipa nguzo ya pili bila kusema neno. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni tako la nguzo. Unalipima jiwe kwa kulipitisha kalamu iliyofungwa kwenye kijiti, mstari unaandika kila uvimbe wa jiwe kwenye mti, kisha unachonga, unasimamisha, unatazama mwanga unaopenya chini, unashusha tena, unachonga. Mzee alikuwa akiweka karatasi nyembamba kati ya mti na jiwe, anaivuta. Ikitoka, rudia.

Mguu ukishakaa, mzee alikuwa akitoa chuma chake cha chapa. Kila kipande kipya, kikubwa kwa kidogo, kilichomwa alama ya mwaka wa ukarabati, Heisei 30, yaani 2018, upande ambao hauonekani ukiwa umesimama. Kwenye majengo ya urithi wa taifa huo ndio utaratibu, ili fundi wa miaka 100 ijayo ajue kipi ni cha kale na kipi kiliongezwa lini. Kwetu hakuna sheria iliyomlazimisha. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Atakayelala hapo baada yako ataulizwa na watu," akasema. "Umwachie jibu."

Palizuka ubishi juu ya rangi. Mguu mpya wa saiprasi ni mweupe, nguzo ya zamani imekuwa nyeusi kwa moshi na mikono ya watu, na baadhi ya kina mama walisema hekalu linaonekana limevaa soksi. Wakataka tupake rangi ya kuzeesha mti, nayo ipo, mafundi wengi huitumia. Fundi mkuu akakubali rangi hafifu kwa nguzo za mbele tu. Ningeachiwa mimi nisingepaka hata moja. Mgeni angeona weupe huo, angeuliza, na hadithi yote ya 2016 ingemfikia bila bango. Lakini kina mama ndio waliochangia chakula cha mafundi majira yote yale, na nguzo nne za mbele zikapakwa.

Watu wa Dar wanaofuatilia mambo ya Japani huniuliza kuhusu Ise. Wamesikia kwamba hekalu lile hujengwa upya kila baada ya miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690, na kwamba 2013 ilikuwa mara ya 62. Ni kweli, na ni ajabu. Lakini Ise ina misitu yake, mafundi wake na wachangiaji nchi nzima. Mahekalu ya Kishinto nchini yanakaribia 80,000, na mengi yao yamefanana na letu: yanaungwa viraka. Juu darini tulikuta ubao wa ukarabati wa enzi ya Meiji, umepigiliwa kwenye mhimili wa kilele, umeandikwa kwa wino majina ya maseremala na magunia ya mchele yaliyotolewa na kila nyumba. Jina la ukoo wa baba mkwe limo, magunia mawili. Aliposomewa alitabasamu, kisha akauliza jirani yake alitoa mangapi. Ubao wetu mpya wa darini uko kando ya ule. Jina langu limo, kwa herufi zao za kuandikia maneno ya kigeni, mwisho kabisa wa orodha ya mafundi.

Kami alikuwa amehamishwa muda wote wa kazi, amewekwa kwenye kibanda cha muda upande wa pili wa uwanja. Kumrudisha kulifanyika usiku. Kasisi wetu huhudumia mahekalu ya vijiji vingi, na alifika jioni akiwa bado ana matope ya kijiji kingine kwenye viatu. Taa zote zikazimwa, hata za magari barabarani chini. Kilichokuwa kinabebwa kilizungukwa na vitambaa vyeupe mtu asikione, na kasisi akawa anatoa sauti moja ndefu isiyo na neno, ooo, kuwajulisha watu wainame. Mimi nilisimama nje ya lango pamoja na mtoto wetu. Milango ya nyumba ya ndani nilikuwa nimeifunga mwenyewe adhuhuri ile, bawaba zake nilizipaka mafuta mara mbili, na nilichokuwa nasikiliza kwenye giza lile, nisidanganye, ni kama italia. Haikulia. Baadaye watu walikunywa sake, pombe ya mchele, iliyokuwa imewekwa mbele ya kami, mimi nikapewa chai baridi ya shayiri, na samaki wa madhabahuni akagawiwa kwa wote.

Basi ukija, njoo hivi. Kwenye lango pita pembeni, katikati ya njia ni ya mwenye nyumba. Lango hili jipya ni la mbao. La mawe lilikuwa zito kwa mifuko yetu, na vipande vyake tumevilaza kando uvione. Kwenye birika osha mkono wa kushoto, wa kulia, kinywa kwa maji ya kiganja, kisha uuinue upawa maji yateremke kwenye mpini kwa ajili ya atakayefuata. Anayeabudu huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama mara moja. Asiyeabudu atulie tu, hatabughudhiwa. Nimekaa hapa miaka na sijabughudhiwa. Kizingiti usikikanyage. Ukikuta majivu kwenye mawe, ni ya Nakadake, ulilipuka tena Oktoba 2021, na majivu yake yana salfa inayokula shaba, kwa hiyo mlima ukikohoa sisi wa zamu hupanda na mipira ya maji.

Kamba ya mabua unayoipiga picha inasokotwa na sisi wenyewe mwisho wa mwaka, na siku hizi ndiyo inayotuumiza kichwa kuliko nguzo. Mashine za kuvunia hukatakata mabua papo hapo shambani. Tunaacha vijaruba viwili vya baba mkwe, tunavuna kwa mundu, tunaanika mabua juu ya miti. Wanaojua kusokota kamba nene kiasi kile, watatu wakivuta na kuzunguka kwa pamoja, wamebaki wachache, na mmoja wao ana bega bovu. Mwaka jana jirani alileta katalogi ya kamba za plastiki, zinadumu miaka kumi. Ilipitishwa mkono kwa mkono mezani, kila mtu akaisoma kwa heshima, ikarudi kwake.

Kazi yenyewe haijaisha. Nguzo moja ya nyuma, upande wa kaskazini ambako jua halifiki, hatukuikata 2018. Fundi mkuu aliigonga akasema inaweza kungoja. Msimu huu wa mvua niliigonga kwa nyundo ikanijibu kwa sauti ya debe. Nikapeleka taarifa kwenye kikao, pamoja na makadirio: mbao kiasi hiki, jeki za kukodi kiasi hiki, na ujira wangu nikaandika sifuri. Mweka hazina akaifuta ile sifuri kwa kalamu nyekundu, akaandika ujira wa kawaida wa seremala wa hapa. Akasema kama nataka kutoa, nilipwe kwanza, kisha nitoe, jina langu liandikwe ubaoni na kiasi chake kama wengine. Wakaahirisha uamuzi hadi mpunga uvunwe.